Mwalimu, nimeambiwa mimi ni kijani

Wasomaji wangu, mwezi huu ni kama mmeambizana. Ukiondoa barua za ada na za wakwe, karibu zote zinauliza jambo moja: vipimo vya tabia. Vya rangi, vya herufi nne, vya "wewe ni koleriki". Nimefundisha sekondari, baadaye chuo cha ualimu, na somo nililolishika kwa mikono miwili ni upimaji na tathmini, lile ambalo wanachuo walikuwa wakilisinzia kuliko yote. Kwa hiyo mmenichokoza pazuri. Wengine nitawajibu kwa kirefu, wengine kwa mstari tu, msinune.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, naishi Buzuruga hapa Mwanza. Tangu nimalize kidato cha sita nauza simu na vifaa vyake pale Makoroboi. Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa ofisa mauzo katika kampuni moja hapa mjini. Maswali ya mdomo niliyajibu vizuri, kisha nikapewa fomu: kila mstari una maneno manne, unaweka alama kwenye linalokufanana zaidi na kwenye lile lisilokufanana kabisa. Baada ya wiki nikapigiwa simu kwamba mimi ni "kijani", mtu wa utulivu, na kazi ya mauzo inamtaka "mwekundu" au "njano". Dada wa utumishi akasema hicho ni kipimo cha kisayansi, kinatumika dunia nzima. Ni kweli? Na kama ni kweli, miaka yote hii nimeuzaje?
*Kijana wa Buzuruga*

Marahaba, mwanangu. Kijani hapa mjini tunamjua ni shabiki wa Yanga, mwekundu ni wa Simba, na sijaona duka lililofilisika kwa ajili hiyo.

Fomu uliyoieleza inafanana na zile za jamii ya DISC, vipimo vinavyowagawa watu katika aina nne za tabia. Mzizi wake ni nadharia aliyoichapisha mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, mwaka 1928. Marston mwenyewe hakutunga fomu ya kuajiria mtu. Fomu walikuja kuitunga wengine baada yake, rangi zikaongezwa, zikapendeza. Alikuwa mtu wa mambo mengi yule bwana. Ndiye aliyembuni Wonder Woman wa vitabu vya katuni mwaka 1941, na kabla ya hapo alidai kwamba mwongo anaweza kutambulika kwa kupimwa shinikizo la damu. Mwaka 1923 mahakama ya rufaa kule Washington ilikataa kupokea ushahidi wa kipimo hicho, kwa sababu kilikuwa hakijakubalika vya kutosha miongoni mwa wataalamu. Kutumika dunia nzima na kuthibitishwa ni vitu viwili, na dada wa utumishi alikupa kimoja tu.

Sasa tuitazame fomu yenyewe, maana hapo ndipo penye tatizo kubwa, na watu wengi wa utumishi hawajawahi kuelezwa. Kila mstari ulikuwa na maneno manne, ukalazimishwa kuchagua. Ukilipa alama neno la utulivu, umelinyima neno la ushawishi. Ukifika mwisho wa fomu, kila aliyejaza anakuwa amegawa alama zilezile, jumla ileile. Anachokiona msomaji wa fomu ni kipi kimezidi kipi ndani yako wewe mwenyewe. Haoni kama unacho kingi kuliko mwenzako aliyekaa kiti cha pili.

Chukua mfano huu. Tuseme tungeweza kuwapima kweli, kwa alama 10. Wewe una ushawishi 8 na utulivu 9. Mwenzako ana ushawishi 3 na utulivu 1. Kwenye fomu ya kulazimishwa kuchagua, wewe utatoka kijani kwa sababu 9 imeizidi 8. Yeye atatoka njano, rangi ya ushawishi, kwa sababu 3 imeizidi 1. Kampuni itamchukua yeye, tena itasema imemchukua kwa ushawishi wake. Ushawishi wa 3! Wewe mwenye 8 umerudi Makoroboi na bahasha yako. Watu wa upimaji wamelisema hili miaka mingi: fomu ya aina hiyo, ikihesabiwa kwa njia ya kawaida, haifai kulinganisha mtu na mtu. Na usaili ni nini kama si kulinganisha mtu na mtu?

Kuna na hilo la kudhani kwamba muuzaji lazima awe mchangamfu wa kupindukia. Mwaka 2013 Adam Grant alichapisha utafiti wa wauzaji 340 waliokuwa wakiuza kwa njia ya simu, akafuatilia mapato waliyoingiza kwa miezi mitatu. Walioongoza hawakuwa waongeaji wakubwa wala wale wakimya kabisa. Walikuwa wa katikati. Huo ni utafiti mmoja, tena wa mauzo ya simu, siwezi kuugeuza sheria. Lakini mimi ni mnunuzi wa siku nyingi pale Makoroboi. Anayenishika mkono na kunivuta dukani kwake hajawahi kuniona mara ya pili. Ninayemrudia ni yule anayeniacha nishike kitu, nikigeuze, halafu ndipo anauliza: "Mama, ni ya kwako au ya mjukuu?"

Waandikie barua fupi ya heshima. Usibishane nao kuhusu rangi, watajiona wameshambuliwa. Waeleze umeuza nini, kwa muda gani, kwa mwezi unafikisha kiasi gani, na uwaombe wakupe siku chache za majaribio kwenye kaunta yao. Wakikataa, basi, riziki iko kwingine. Ila hilo la "mimi ni kijani" usilibebe hadi kwenye usaili mwingine ukajieleza nalo mwenyewe. Nimeona vijana wanafanya hivyo.

Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni, naishi Malimbe. Mwezi Machi nilijaza kile kipimo cha herufi nne kwenye simu nikapata INFJ. Mwezi Mei nimerudia, nimepata ENFP. Ninayeishi naye chumbani anasema mara ya kwanza nilijaza kwa uongo. Tabia yangu imebadilika ndani ya miezi miwili? Na je, kuna kipimo chochote cha kuaminika?
*Mwanachuo, Malimbe*

Marahaba. Pale Mwaloni Kirumba, mnunuzi akiweka gunia la dagaa juu ya mzani likasoma kilo 40, akalishusha, akalipandisha tena likasoma 52, hagombani na gunia. Anauliza mwenye mzani ni nani. Wewe na mwenzako mmegombana na gunia.

Swali la kwanza kwa kipimo chochote ni hilo: kinarudia jibu? La pili ni gumu zaidi: hicho kinachopimwa ndicho kweli kinachodaiwa? Maana mzani uliochezewa unaweza kurudia jibu lilelile mwaka mzima na kila siku ukampunja mvuvi kilo mbilimbili. Wengi wakishaona namba inajirudia wanaridhika, hilo la pili hawaliulizi.

Kipimo chako kinatokana na kazi ya mama na binti yake wa Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers. Hawakuwa wanasaikolojia kwa kusomea. Walisoma maandishi ya Carl Jung, daktari wa Uswisi aliyetoa nadharia yake ya aina za watu mwaka 1921, wakaipenda, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Isabel akaanza kuigeuza kuwa maswali ya kujaza. Jung aliijenga nadharia hiyo kutokana na wagonjwa wake na vitabu alivyosoma. Hakupima umati wa watu. Kile cha kwenye simu mara nyingi si hata chenyewe, ni binamu yake wa bure. Wala nia yao haikuwa mbaya. Isabel alitaka watu wapate kazi zinazowafaa na waelewane. Na wanaokiuza leo kile halisi wanasema wenyewe kwamba kisitumike kuchagua nani aajiriwe. Nalisema hili kwa sauti ili wenye ofisi wanaosoma ukurasa huu wasikie.

Kwa nini herufi zinabadilika? Kwa sababu ya kisu. Ukiwapima watu elfu moja ukimya na uchangamfu, hutapata mafungu mawili, la wakimya huku na la wachangamfu kule. Utakuta wengi wamejaa katikati, na wachache wachache kwenye ncha. Kipimo cha herufi kinakuja na kisu, kinakata pale pale katikati penye watu wengi: aliyevuka kwa swali moja anaitwa E, aliyepungukiwa swali moja anaitwa I. Mwezi Machi ulijaza ukiwa umechoka na mtihani wa majaribio, swali moja likaangukia huku. Mei umerudi kutoka harusini, likaangukia kule. Mapitio aliyoyachapisha David Pittenger mwaka 1993 yalionyesha kwamba watu wakirudia baada ya wiki tano tu, hadi nusu yao hutoka na angalau herufi moja iliyobadilika. Kwa hiyo mwambie mwenzako hukudanganya. Ulikuwa katikati, kama wengi wetu.

Sasa kama kuna kilicho bora. Kipo, nacho hakina mvuto, ndiyo maana hukioni kwenye hadhi za WhatsApp za watu. Wataalamu wengi wa tabia hutumia sifa tano: uwazi kwa mambo mapya, umakini wa kazi, uchangamfu, upatanifu na watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hazikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 yanayoweza kumtofautisha mtu na mtu. Waliofuata wakawa wanayachuja, wanawapa watu wapimane kwa maneno hayo, wanatazama yapi yanakwenda pamoja. Mwaka 1961 Tupes na Christal, waliokuwa wakilifanyia kazi Jeshi la Anga la Marekani, walikuta kila wanapochambua yanajikusanya mafungu matano, na wengine baada yao wakayakuta tena. Hapo hupewi jina wala herufi. Unaambiwa uko wapi kwenye kila mstari, na kwa wengi jibu ni "katikati hivi". Nani ataweka hilo kwenye hadhi?

Hata hizo tano zisikupande kichwani. Umakini wa kazi ndio unaotabiri utendaji kazini kuliko nyingine, lakini uhusiano wenyewe, kwa hesabu inayoanzia 0 hadi 1, unazunguka kwenye 0.2. Upo, ni wa kweli, ni mdogo.

Tena ziwa letu lina la kusema hapa. Rachid Laajaj na Karen Macours walikwenda Siaya, upande wa Kenya, wakawauliza wakulima maswali ya tabia, kisha wakarudi baada ya muda kuwauliza tena. Yale yanayoonekana safi kwenye vitabu yalitoka na vurugu. Mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 94,000 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, waliohojiwa ana kwa ana, na zile sifa tano mara nyingi hazikujipanga kama inavyotarajiwa. Sababu mojawapo ni watu kuitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Hilo mimi halinishangazi hata kidogo. Nilimjaribu jirani yangu hapa Nyegezi. "Wewe ni mtu wa kumaliza kazi uliyoianza?" Ndiyo, Mwalimu. "Wewe huwa unaacha kazi katikati?" Ndiyo, Mwalimu, kuna wakati. Sasa utamkatalia mwalimu mara mbili mfululizo, tena amekukaribisha chai?

Mwalimu, mimi ni kundi O, mpenzi wangu ni A. Nimesoma kwamba O na A hawaendani tabia. Kweli?
*Msomaji, Pasiansi*

Si kweli. Fikra hiyo ilivumishwa Japani na Takeji Furukawa kuanzia mwaka 1927, na watu zaidi ya 10,000 wa Japani na Marekani waliochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 hawakuonyesha uhusiano wowote wa maana kati ya kundi la damu na tabia. Damu yako ya O ichangie hospitali, kina mama wanaojifungua Kanda ya Ziwa wanaihitaji.

Shikamoo Mwalimu. Niko Nansio, Ukerewe. Posa imeshajibiwa na mahari sehemu imetolewa. Juzi kwenye semina ya wachumba tulipimwa. Mimi nikatoka koleriki, na mwenzangu koleriki. Mtoa semina akasema mbele ya watu kwamba huo ni moto juu ya moto, tufikirie upya. Kinachonitisha ni kwamba yote aliyoyasoma kunihusu yalikuwa kweli, hata mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Mama mkwe amesikia, sasa anasitasita. Nifanyeje?
*Binti wa Nansio*

Marahaba binti yangu, na pole. Nianze na hilo linalokutisha.

Kikundi chetu cha VICOBA hapa Nyegezi kiliwahi kuniomba niwafundishe kidogo mambo haya. Nikaandaa bahasha za kaki, kila moja na jina la mama mmoja, nikawaambia nimewachunguza kimyakimya muda mrefu na nimeandika tabia ya kila mmoja. Ndani kulikuwa na maneno kama haya: "Unatamani watu wakuthamini, lakini wewe mwenyewe unajilaumu kupita kiasi. Kwa nje unaonekana umejipanga, ndani una wasiwasi. Una uwezo ambao bado hujautumia. Kuna wakati unajiuliza kama uamuzi ulioufanya ulikuwa sahihi. Umejifunza kwamba si busara kumfungulia kila mtu moyo wako." Wakasoma. Ukimya. Mmoja akafuta jicho. Nikasema onyesheni kwa vidole, 0 hadi 5, nimewapatia kiasi gani. Mikono ikawa nne na tano. Mama mmoja muuza dagaa hakunyoosha kitu. Alikuwa ameshaikunja karatasi yake na kuifunga kwenye pindo la kanga. Nikawaambia wabadilishane na jirani. Yule mama akafungua pindo kwa shingo upande, akasoma ya mwenzake, akapandisha sauti: "Mwalimu, huyu amenakili yangu!"

Zote zilikuwa moja. Mchezo huo si wangu. Bertram Forer aliufanya na wanafunzi wake wa saikolojia mwaka 1948. Aliwapa wote maelezo yaleyale, mengi ameyatoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani, na kwa wastani wakayapa alama 4.26 kati ya 5. Kwa hiyo ukisema "yote yalikuwa kweli", nakuamini. Yalikuwa kweli kwako, na kwa aliyekaa nyuma yako, na kwangu mimi. Siku nyingine ukipewa maelezo ya tabia yako, omba na yale ya aina nyingine tatu uyasome bila kuambiwa yapi ni yako, uone kama utayatambua.

Kuhusu koleriki na wenzake. Hizo aina nne ni za kale mno, zinatokana na tiba ya Wagiriki. Galeni, daktari wa karne ya pili, aliamini mwili unatawaliwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Koleriki ni mtu mwenye nyongo ya njano nyingi. Udaktari uliachana na mafundisho hayo zamani. Hakuna anayekwenda hospitali akapimwa nyongo nyeusi. Majina yamebaki kwenye semina. Nitakuwa mwenye haki: Hans Eysenck katika karne iliyopita alionyesha kwamba ukichukua mistari miwili, ule wa uchangamfu na ule wa wasiwasi, ukaipitisha msalaba, pembe zake nne zinafanana na aina hizo za kale. Kwa hiyo majina yanaelezea kitu fulani. Lakini pembe ni sehemu ya mbali, na watu wako katikati, kama nilivyomwambia mwanachuo wa Malimbe.

Na ndoa? Mwaka 2020 Samantha Joel na wenzake wengi walikusanya data za wenzi zaidi ya 11,000 kutoka tafiti 43, wakatafuta nini kinatabiri mtu kuridhika na uhusiano wake. Kilichobeba uzito ni mambo ya uhusiano wenyewe: kama unaona mwenzako amejitoa kwako, kama anakuthamini, mnagombanaje. Tabia za mwenzako, ukishajua hayo, hazikuongeza kitu cha maana. Kwa hiyo maswali ya kujiuliza unayajua tayari. Mlipotofautiana mara ya mwisho ilikuwaje? Alinuna siku ngapi? Wewe ulisema neno gani ambalo usingependa mama mkwe alisikie? Nani alianza kumtafuta mwenziwe?

Kwa mama mkwe usiende na karatasi wala na habari za Galeni. Mtume shangazi yako au mshenga, mtu mzima wa kuzungumza naye kwa utaratibu, amuulize kama kuna jambo jingine linalomsitisha. Mara nyingi lipo, na semina imempa tu mlango wa kutokea.

Mwalimu, salaam. Mimi nina mitumbwi mitatu ya injini, Igombe. Natoa nyavu, mafuta na chakula, wavuvi wanaingia majini, asubuhi naletewa sangara wawili na hadithi ndefu. Najua wanauza hukohuko ziwani. Mpwa wangu ameniambia kuna vipimo vya tabia vya kwenye simu vinavyoweza kunionyesha mwaminifu ni nani kabla sijamwajiri. Wengine wananishauri niende kwa mtaalamu kule ng'ambo. Unashauri kipi?
*Tajiri, Igombe*

Salaam kaka, pole na hasara. La mtaalamu wa ng'ambo niache nisilijibu, nina majirani.

La simu ni hivi. Kipimo cha kujijaza kinamuuliza mtu kuhusu yeye mwenyewe. Ukimwuliza anayetafuta kazi, "Je, wewe huwa unachukua kisicho chako?", unategemea mwizi akwambie ukweli. Mwaminifu atasema hapana, mwizi atasema hapana kwa sauti kubwa zaidi.

Lakini hata ukipata kipimo kisichodanganyika, kuna jambo la chini zaidi. Miaka ya 1920 Hugh Hartshorne na Mark May walifanya kazi kubwa Marekani na maelfu ya watoto wa shule. Waliwawekea nafasi za kudanganya: kwenye mtihani wa kujisahihishia, kwenye michezo, nyumbani, hata nafasi ya kuchukua sarafu wakidhani hakuna anayeona. Walitegemea kupata watoto waaminifu upande mmoja na wadanganyifu upande mwingine. Matokeo yaliyotoka mwaka 1928 yalikuwa tofauti: mtoto aliyedanganya kwenye mtihani mara nyingi hakugusa sarafu, na aliyechukua sarafu alikuwa mkweli kwenye mchezo. Kumjua mtoto mahali pamoja kulisaidia kidogo tu kumbashiri mahali pengine. Wamekuja watafiti wengine kusema tabia ipo ukimtazama mtu mara nyingi, na ni kweli, siwapingi. Ila kwa usiku mmoja, majini, gizani, mnunuzi ana fedha mkononi na tajiri amelala Igombe, hali yenyewe inasukuma sana.

Kwa hiyo fanya mambo yanayoonekana. Ukimtaka mvuvi mpya, usimpime kwa sura wala kwa kabila lake, na hilo la kabila najua mnalifanya. Andaa maswali matano ya kazi, yaleyale kwa kila anayekuja, na uandike majibu. "Siku uliyokosa samaki kabisa, tajiri wako ulimwambiaje?" "Nyavu zilipoibwa, nani alikuwa zamu?" Frank Schmidt na John Hunter walikusanya utafiti wa miaka 85 mwaka 1998, na Paul Sackett na wenzake wakaurudia kwa hesabu kali zaidi mwaka 2022; katika ule wa pili, usaili wa maswali yaliyopangwa, yanayofanana kwa wote, ndio uliokaa juu ya orodha. Katika ule wa kwanza, kutazama mwandiko wa mtu kulikuwa karibu na sifuri, kama kuna mtu amekushauri na hilo. Halafu nenda BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo alikotoka, uulize jambo mahususi, usiulize "Ni mtu mzuri?" Uliza aliondokaje. Mpe majaribio, na mchanganye na wavuvi wa mtumbwi mwingine ili asiwe na kundi lake lilelile kila usiku.

Lakini kaka, barua yako ndefu imenieleza bei ya nyavu, bei ya petroli na hata jina la mtumbwi, haikunieleza mgao. Ukishatoa gharama zako, wale watu wanabaki na nini? Na usiku wa sangara wawili wanabaki na nini? Niandikie hilo kwanza, ndipo tuzungumze habari ya wizi.